Kolwezi: Harufu ya yai bovu nyumbani si lazima itoke mgodini

Mjini Kolwezi, harufu mbaya ikisikika ndani ya nyumba, wa kwanza kulaumiwa ni mgodi. Si ajabu. Makao makuu haya ya jimbo la Lualaba, mashariki-kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yamezungukwa na machimbo ya shaba na kobalti, na viwanda vya kuchakata madini hayo hutumia asidi ya salfa kwa wingi. Lakini harufu ya yai bovu inayompokea mfanyakazi anaporudi kutoka zamu ya wiki kadhaa kambini, mara nyingi hutoka karibu zaidi: kwenye tundu la bafuni.

Chini ya sinki, dushi na choo kuna bomba lililopindwa ambalo mafundi huliita sifoni. Katika pindo hilo hubaki maji, kwa kawaida yenye kina cha sentimita 5 hivi. Maji hayo ndiyo mlango unaozuia hewa ya shimo la maji machafu isipande ndani. Mbinu hiyo ni ya zamani: mtengeneza saa kutoka Scotland, Alexander Cumming, alipewa hataza ya choo chenye bomba la aina hiyo mwaka 1775.

Tatizo ni kwamba maji yasipoongezwa, hukauka. Wakati wa kiangazi, hewa ya Lualaba inapokuwa kavu kwa miezi mingi, bafu la wageni au tundu la sakafuni linaweza kukauka ndani ya wiki chache. Maji ya bomba yanapokatika, hali huwa mbaya zaidi: familia huoga kwa ndoo na kuosha vyombo uani, na sinki za ndani hazipati hata tone.

Madhara yake si kero ya pua tu. Gesi yenye harufu ya yai bovu, haidrojeni salfaidi, huleta maumivu ya kichwa na kichefuchefu, na ikizidi sana huifisha pua, mtu asiinuse tena. Methani, inayotoka humo humo, hushika moto. Mende nao hupata njia.

Mwaka 2003, katika majengo ya Amoy Gardens huko Hong Kong, zaidi ya wakazi 300 waliambukizwa SARS. Uchunguzi ulionyesha kwamba sifoni za sakafuni zilizokauka zilichangia: feni za bafuni zilivuta ndani matone yenye virusi kutoka kwenye mabomba.

Dawa yake ni rahisi. Kila baada ya wiki moja au mbili, mimina lita moja au mbili za maji katika kila tundu lisilotumika. Si lazima yawe maji safi. Yaliyosuuzia nguo yanatosha. Anayesafiri kwa muda mrefu aongeze kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake: mafuta huelea na kupunguza kasi ya maji kukauka. Tundu lisilohitajika tena lizibwe kwa kifuniko kisichopitisha hewa.

Kuna ya kuepuka pia. Usiwashe kiberiti ili kuondoa harufu. Usichanganye dawa ya klorini na asidi ya kusafishia choo, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Na mtu yeyote asiingie katika shimo la maji machafu kutafuta hitilafu; gesi ya humo huua kwa dakika chache.

Ikiwa harufu inarudi siku ileile, huenda bomba limepasuka, halina sifoni kabisa, au bomba la kupumulia linalopanda juu ya paa limeziba. Sauti ya kukoroma kwenye sinki choo kinapomwagwa maji ni dalili ya hilo la mwisho. Hapo aitwe fundi.

Na mgodi je? Moshi wa salfa huwasha pua na koo, kama kiberiti kilichowashwa karibu na uso, na majirani wote huusikia nje. Huo ni wa kuripotiwa kwa viongozi wa mtaa. Lakini kama harufu iko ndani tu, na inaisha baada ya kumimina maji bafuni, jibu limepatikana kwa bidoni moja.