Mti mkubwa katikati ya kiwanja: je, unaweza kuhamishwa?

Yeyote anayepita Igoma, kwenye barabara kuu itokayo Mwanza mjini kwenda Musoma, anaona jinsi viwanja vinavyojaa. Nyumba zimepanda hadi juu kwenye mawe ya vilima. Makanisa nayo yanapanuka: jengo lililotosha waumini mia tatu halitoshi tena, shule ya awali inadai madarasa, zahanati inadai wodi. Na mara nyingi, mchoro mpya ukitandikwa mezani, katikati yake pana mti. Ni mwembe, mkuyu au mkwaju uliokuwepo kabla ya jengo la kwanza, na pengine ndio uliokuwa kanisa lenyewe wakati hakuna bati wala tofali.

Hapo ndipo mjumbe mmoja wa kamati huuliza: kwani mti huu hauwezi kung'olewa ukapandwa pale pembeni? Wengine hucheka. Swali hilo si la kuchekesha. Wako watu waliolifanya kazi na biashara kwa karibu miaka mia mbili, na historia yao ina mengi ya kuzifaa kamati zetu pamoja na wahisani wanaosaidia majengo yetu.

Kazi yenyewe ni ya kale. Kwenye kuta za hekalu la Malkia Hatshepsut huko Misri, lililojengwa karibu miaka 1,470 kabla ya Kristo, imechongwa picha ya safari ya merikebu kwenda nchi ya Punt, ambayo wataalamu wengi huiweka katika Pembe ya Afrika. Wapagazi wanaonekana wakibeba miti ya ubani ikiwa hai, mizizi yake imo ndani ya vikapu pamoja na udongo wake. Angalia hapo: walibeba mti pamoja na udongo. Siri yote ya kazi hii imo ndani ya kikapu kile.

Mtunza bustani aliyeanzisha kampuni

Mtu aliyeigeuza kazi hii kuwa biashara inayoheshimika alikuwa Mskoti, William Barron, aliyezaliwa mwaka 1805. Mwaka 1830 aliajiriwa kutunza bustani ya tajiri mmoja mwenye cheo, Earl wa Harrington, katika jumba la Elvaston, Uingereza ya kati. Tajiri huyo hakuwa na subira. Alitaka bustani yenye miti mirefu, na aliitaka akiwa bado hai. Barron akaamua kutafuta miti iliyokwisha kukua na kuihamishia Elvaston. Mwaka 1831 alianza na mierezi ya Lebanoni, mti tunaousoma katika ujenzi wa hekalu la Sulemani, na ikashika.

Wengine kabla yake walikuwa wakiulaza mti juu ya gari na kuuburuta, mizizi ikining'inia nje kwenye upepo. Barron aliusafirisha ukiwa wima, na udongo wake wote chini. Alichimba mtaro kuuzunguka, akapitisha mbao nene chini ya bonge la udongo lenye mizizi, akaleta gari la magurudumu lililojengwa kwa magogo likakaa pande zote mbili za shina, kisha akaliinua bonge lile kwa minyororo na winchi za kuzungushwa kwa mikono. Farasi wakavuta. Gari la namna hiyo lilinunuliwa pia na bustani ya mimea ya Kew, London, ambako limehifadhiwa.

Mwaka 1851 Earl yule alifariki, na mrithi wake hakuwa na hamu ya kulipa jeshi la watunza bustani. Wengi walipunguzwa kazi. Barron hakukaa kulalamika. Alianza kuuza miche na miti, akafungua kitalu chake mwenyewe katika kijiji cha Borrowash, na pamoja na mwanawe wakawa kampuni: William Barron na Mwana. Walitengeneza bustani za watu wote mijini, kwa mfano Abbey Park ya Leicester iliyofunguliwa mwaka 1882, na waliitwa huku na huko kuhamisha miti. Ujuzi uliozaliwa kwa ajili ya starehe ya mtu mmoja ukaanza kuhudumia halmashauri za miji na makanisa.

Kazi yao inayokumbukwa kuliko zote ilitoka kwa kanisa. Parokia ya Buckland, kando ya mji wa bandari wa Dover, ilitaka kurefusha kanisa lao. Mbele ya ukuta ulisimama mti wa kale wenye majani kama sindano, wa aina ambayo Waingereza wameiacha ikae kwenye viwanja vya makanisa kwa karne nyingi. Ulikuwa umekwisha kupigwa na radi na shina lake limepasuka. Kamati yoyote ingesema ukatwe, umezeeka. Wao wakamwita Barron, ambaye naye alikuwa mzee wa miaka 74. Mwanzoni mwa mwaka 1880 mti ule, ambao pamoja na udongo wake ulizidi tani 50, ulisogezwa umbali wa takriban mita 18 na kushushwa kwenye shimo jipya. Kanisa likarefushwa. Mti uko hai hadi leo.

Kinachohamishwa hasa ni udongo

Watu wengi hudhani uzito wa kazi hii uko kwenye shina na matawi. Sivyo. Mizizi inayoulisha mti ni ile myembamba kama nyuzi, na mingi iko kwenye udongo wa juu, usiozidi mita moja kwenda chini, ikiwa imeenea hata kupita kivuli cha matawi. Ukichimba karibu na shina, nyuzi hizo unaziacha shambani na unaondoka na gogo.

Kwa hiyo wenye kazi hii hupima unene wa shina na kuuzidisha mara kumi ili kupata upana wa bonge. Tuchukue mwembe wenye shina la sentimita 40, ambao kwetu si mkubwa hata kidogo. Bonge lake litakuwa na upana wa mita 4. Kama kina ni mita 1, hizo ni kama mita za ujazo 12 na nusu za udongo, yaani karibu tani 20, kabla hujahesabu mti wenyewe. Hakuna vijana wa parokia, hata wawe na moyo kiasi gani, wanaoinua tani 20. Inahitajika kreni na lori refu, na njia ambayo kreni inaweza kupita bila kuangusha nyaya za umeme.

Aidha, kazi huanza mapema. Takriban mwaka mmoja kabla, mtaro huchimbwa nusu ya mzunguko wa mti na mizizi hukatwa kwa kisu kikali, si kwa sururu. Mizizi iliyokatwa huchipua nyuzi mpya ndani ya bonge. Baada ya miezi kadhaa hufuata nusu ya pili. Baada ya kuhamishwa, mti hufungwa kwa kamba za waya usiyumbe, hutandazwa majani makavu chini, na hunyweshwa maji kiangazi cha kwanza na cha pili bila kukosa. Katika nchi za baridi wataalamu hukadiria mwaka mmoja wa kupona kwa kila sentimita 2.5 za unene wa shina. Kwenye joto kama letu kupona ni kwa haraka zaidi, lakini kiu nayo ni kali zaidi.

Mwanza ina kikwazo cha ziada ambacho Barron hakukipata Elvaston. Jiji letu limekaa juu ya mawe ya matale, na mti uliozeeka hapa mara nyingi umepenyeza mizizi kwenye nyufa za mwamba. Bonge la mita 4 haliwezi kuchimbwa pale ambapo nusu yake ni jiwe.

Jambo moja lililotokea Kew linafaa kusimuliwa hapa. Kulikuwa na mwaloni uliopandwa mwishoni mwa karne ya 18, ambao ulikuwa umedhoofika. Oktoba 1987 dhoruba kali ilipiga kusini mwa Uingereza, ikaunyanyua mti ule na sahani yote ya mizizi, kisha ikauketisha palepale. Walidhani umekwisha. Miaka michache baadaye ulikuwa umestawi kuliko ulivyokuwa kabla. Sababu ilikuwa udongo: miguu ya wageni kwa miaka mingi iliushindilia hadi hewa na maji havipiti, na dhoruba ikaulegeza. Kamati zinazoegesha magari chini ya mwembe kila Jumapili, halafu zikashangaa matawi yanakauka, zina jibu lao hapo.

Nairobi na Kilifi

Afrika Mashariki nayo imepata kesi zake. Mwaka 2020, wakati wa ujenzi wa barabara ya juu ya Nairobi yenye urefu wa kilomita 27, mti wa jamii ya mikuyu uliokadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 100 ulikutwa njiani pale Waiyaki Way. Ni mugumo, ambao kwa Wakikuyu ni mti wa ibada. Wahusika wa barabara walitangaza kwamba ungeng'olewa na kupandwa pengine. Watu walipinga, na Novemba mwaka huo serikali ikatoa amri mti ubaki mahali pake. Ramani ya barabara ndiyo iliyosogezwa.

Kesi ya Kilifi ilikuwa nzito zaidi. Mwaka 2022 mfanyabiashara mmoja alinunua mibuyu minane mikubwa kutoka kwenye mashamba ya watu ili isafirishwe kwa meli hadi Georgia, nchi iliyo pwani ya Bahari Nyeusi. Huko Shekvetili kuna bustani ya tajiri Bidzina Ivanishvili, aliyewahi kuwa waziri mkuu, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akikusanya miti mizee kutoka vijijini na kuisafirisha kwa matishari. Wakulima wa Kilifi, kwa taarifa za wakati ule, walilipwa kati ya shilingi 100,000 na 300,000 za Kenya kwa mti. Novemba 14, 2022 Rais William Ruto aliagiza uchunguzi, akitaka ijulikane kama kibali kilifuata mikataba ya kimataifa ya viumbe hai na kama wananchi wanapata mgawo wa haki.

Hatuwezi kumlaumu mkulima mwenye ada za shule za kulipa na anayehitaji nafasi ya mahindi. Lakini pesa ile ililipwa kwa mwenye shamba mara moja tu, ilhali ubuyu uliokuwa ukiokotwa, kivuli na nyuki vilikuwa vya jirani pia. Mti wa kanisa una hali hiyohiyo. Hati ya kiwanja inataja mmiliki mmoja, waliokaa chini ya mti ni kijiji kizima.

Kwa kamati iliyo na mchoro mezani

Ushauri wetu ni kwamba kuhamisha liwe wazo la mwisho. Mhisani akiambiwa gharama ya kreni, lori na mwaka mzima wa maandalizi, ataona kwamba fedha hiyo inaweza kupandisha ukuta. Ni nafuu kumwomba fundi asogeze jengo, au ajenge upande ule kwa nguzo na mkanda wa zege unaoruka juu ya mizizi, kuliko msingi wa mtaro unaoikata yote.

Na pale ambapo mti umekwisha kukatwa, msing'oe kisiki kabla ya kuangalia kama kinachipua. Mizizi ya zamani ni mali iliyo tayari chini ya ardhi. Jirani zetu wa Shinyanga wanalijua hili: mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulitegemea sana ngitili, yaani kuyafunga maeneo ili visiki na mbegu vichipue vyenyewe, na zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na miti bila winchi wala kreni. Chagueni chipukizi mbili au tatu zenye nguvu, ondoeni nyingine, wekeni uzio mbuzi wasifike.

Kama mti bado umesimama, kazi ya kwanza ni kupima kabla mchoraji hajaanza. Fungeni kamba kwenye shina, tembeeni hadi matawi yanapoishia, ongezeni hatua mbili, pigeni vigingi kuzunguka, na duara hilo liingie kwenye mchoro likiwa na vipimo vyake. Magari, saruji na marundo ya mchanga yakae nje ya vigingi mpaka bati la mwisho lipigiliwe.