Maua ya porini nyumbani: Yajue yenye sumu kabla ya kupanda

Ukipita kwenye vitalu vya miche kandokando ya barabara za Dar es Salaam, utakuta maua ambayo asili yake ni misitu na nyika za huku kwetu. Yamezoea jua letu na hupendezesha nyumba. Lakini wapo wanaodhani mmea wa asili hauwezi kumdhuru mtu. Dhana hiyo ni hatari, hasa kwenye nyumba yenye watoto wadogo.

Mfano ni waridi la jangwani, lenye shina lililovimba chini. Utomvu wake una sumu inayovuruga mapigo ya moyo, ndiyo maana wawindaji wa Afrika Mashariki waliutumia kutengeneza sumu ya mishale. Unapopunguza matawi yake, vaa glavu, usijiguse macho na nawa kwa sabuni ukimaliza.

Mwingine ni gloriosa, mmea unaotambaa wenye petali nyekundu na njano zilizopinda juu kama miali ya moto. Una kolchisini, kemikali ambayo kwa kipimo kidogo hutibu ugonjwa wa gauti, lakini ikizidi huua. Kiazi chake kina sumu kali na ni rahisi kukidhania chakula. Aliyekila hutapika na kuharisha sana baada ya saa kadhaa. Usiupande karibu na bustani ya viazi au mboga.

Kwa nyumba yenye watoto, dughulushi ni chaguo zuri. Ua hili la zambarau kutoka milima ya Usambara lilipewa jina la kisayansi mwaka 1893, na leo hupandwa madirishani duniani kote. Halina sumu kwa binadamu na hupenda kivuli. Usiling'oe msituni, kwani huko linazidi kupungua. Jani moja na kikonyo chake, likichomekwa kwenye udongo wenye unyevu, hutoa mche mpya.

Ua lolote utakalopanda, angalia kisahani kilicho chini ya chungu. Maji yakituama humo, mbu wa dengue, anayeuma mchana, hutaga mayai. Mwaga maji hayo na sugua kisahani walau mara moja kwa wiki, kwa kuwa mayai hung'ang'ania pembeni hata maji yakikauka.

Mtoto akitafuna mmea unaoushuku, mtoe mabaki mdomoni, msukutue kwa maji na mwahishe hospitali hata kama haonyeshi dalili. Usimlazimishe kutapika, wala usipoteze muda kumnywesha maziwa ukidhani yataua sumu. Utomvu ukimwingia machoni, yaoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Beba kipande cha mmea huo ili daktari autambue na kuanza matibabu mapema.