Fahamu: Askofu Stanway na kiti alichokiacha Dodoma

Anayefika Mtumba, mji wa Serikali jijini Dodoma, leo aweza kudhani Dodoma imekuwa makao makuu juzi tu. Kwa Waanglikana ilikuwa makao makuu tangu 1927, Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoanzishwa chini ya George Chambers wa Australia. Mwaustralia mwenzake, Alfred Stanway, aliyeanza umisionari Kenya mwaka 1937, aliiongoza kuanzia 1951 hadi 1971. Naamini askofu wa ugenini apimwe kwa madaraka anayowakabidhi wenyeji. Mwaka 1955, miaka 6 kabla ya uhuru, Yohana Omari aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Stanway, Mwafrika wa kwanza Tanganyika kupata uaskofu wa Kianglikana.

Wapo watakaosema: mbona kiti kikuu kilibaki kwa mgeni miaka 10 baada ya uhuru, na Omari akafariki 1963 bila kukikalia? Hoja hiyo ni nzito, na inauma. Hata hivyo, miaka hiyohiyo dayosisi ilimegwa zikazaliwa Victoria Nyanza, Morogoro na Western Tanganyika, na kila mmego ulimpunguzia Stanway eneo. Mwaka 1971 Yohana Madinda alishika kiti. Stanway baadaye akaongoza chuo kipya cha theolojia Pennsylvania, Marekani.