Rekodi ya Muziki katika Maombi ya Chuo: Itumwe au Isitumwe?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, kamati zetu hukaa kugawa kidogo kilichopo: huyu nauli, yule ada ya maombi. Sasa limeingia ombi la aina mpya. Kijana wa kwaya kutoka Mungaa anaomba chuo Marekani, na fomu inasema akipenda anaweza kuambatanisha rekodi ya sanaa. Anaomba fedha za studio mjini Singida. Je, kamati itoe?

Vyuo vikuu vya hapa nchini hupokea waombaji kwa ufaulu wao, chini ya miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na katika kozi za kawaida rekodi haiulizwi. Anayetaka kusomea muziki wenyewe ana njia za karibu: shahada ya muziki ya Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, Arusha, au Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyoanza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa. Upande wa pili kuna shule kama Juilliard ya New York, ambako kwa fani nyingi rekodi ni lazima.

Swali letu liko katikati. Vyuo kama Yale huiita rekodi ya hiari, na asiyetuma hapunguziwi kitu. Anayetuma, kazi yake inaweza kupelekwa kwa walimu wa muziki wa chuo, watu waliokwisha kusikiliza vijana wengi. Wakiiona ya wastani, haikumsaidia. Wakiiona ya kiwango cha juu, inaweza kumsogeza mbele mwombaji ambaye alama zake tayari zinatosha. Hakuna wimbo unaoziba pengo la hisabati.

Nani apime? Si sisi. Paroko, wazazi na wanakwaya wenzake wanampenda, na hilo ni jema, lakini halipimi sauti. Apelekwe kwa mwalimu wa muziki asiyemfahamu, aulizwe: huyu angefaa kukaa darasani na wanafunzi wako wa chuo? Akisitasita, rekodi isitumwe. Kuongoza kwaya kwa miaka mitatu kuandikwe kwenye sehemu ya shughuli, na mwalimu aitaje katika barua yake. Mara nyingi hiyo inatosha kabisa.

Ikiamuliwa itumwe, asitume kwaya nzima, maana msikilizaji hatajua sauti ipi ni yake. Wala asijilazimishe kuimba Mozart kwa kudhani ngoma za nyumbani ni duni. Jirani yetu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, alifundisha Bagamoyo na kuzunguka dunia kwa zeze na ilimba.

Kuhusu studio, kwa maoni yetu kamati isitoe. Studio nyingi huongeza mwangwi na kunyoosha sauti, na wanaopima wanataka kumsikia kijana alivyo. Simu nzuri katika chumba kitulivu, asubuhi kabla upepo haujaanza kupiga mabati, inafaa. Fedha hizo ziende kwenye nauli na ada ya mtihani wa Kiingereza.

Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi mwanzoni mwa Januari, vingine Novemba, na rekodi inaweza kuwa na tarehe yake ya mapema zaidi. Faili la video ni zito. Lipakiwe wiki mbili kabla, si usiku wa mwisho mtandao unapokatika.