Bustani za Jiji Hazijilindi Zenyewe

Saa saba mchana, watu wa maofisi na maduka ya Nairobi watokapo kupumzika, wengi huelekea Bustani ya Jeevanjee. Mmoja hulala majanini, mwingine husoma gazeti, wa tatu husimama kumsikiliza mhubiri. Hakuna aulizwaye kabila lake wala kazi yake. Kwa mtu akaaye chumba kimoja na watoto wanne, mahali kama hapo si anasa. Ndipo apatapo hewa na kivuli bila kudaiwa kodi.

Lakini ni wangapi kati yetu wajuao jinsi bustani hizi zilivyokaribia kutupotea?

Bustani hiyo ilitolewa na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka 1906, Nairobi ilipokuwa ingali mji mchanga wa reli. Alitaka iwe ya watu wote. Hata hivyo, mwaka 1991 ulitokea mpango wa kujenga hapo jumba la maduka na la kuegeshea magari. Binti yake Jeevanjee alipinga, na wananchi wengi wakapinga pamoja naye, hata mpango ukaachwa.

Miaka miwili kabla ya hapo, hatari ilikuwa imeifikia Uhuru Park, bustani iliyofunguliwa na Rais Jomo Kenyatta mwaka 1969. Mwaka 1989 ilikusudiwa kusimamishwa humo jumba la orofa 60. Profesa Wangari Maathai aliandika barua baada ya barua kuupinga mpango huo. Alidhihakiwa na kutukanwa, lakini hakurudi nyuma, na jumba halikujengwa. Tarehe 27 Agosti, 2010, watu wengi mno walikusanyika katika bustani hiyo hiyo kushuhudia Katiba mpya ikitiwa sahihi. Kama jumba lingalijengwa, wangalisimama wapi?

Basi ardhi iliokolewa. Lakini kuokoa ardhi ni nusu ya kazi tu. Bustani ni kama shamba: ukiiacha msimu mmoja, magugu hukushinda. Watu wakikata njia ya mkato juu ya majani, udongo hushindiliwa ukawa mgumu kama sakafu. Mvua ikinyesha, maji hayaingii chini, bali hutiririka na kuchukua udongo mpaka mizizi ya miti ikabaki wazi. Ziwa dogo la mashua lisipozolewa tope hupungua kina. Taa moja ikivunjika isitengenezwe, mahali pale huwa pa kuogopwa jioni. Akina mama na watoto huacha kupita, na wenye nia mbaya huja kukaa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na ukuta una gharama. Mwaka 2021 Uhuru Park ilibidi ifungwe ili itengenezwe upya, na wakazi wakaikosa kwa muda mrefu. Kutengeneza bustani upya ni jambo jema, ila vitu vipya vyataka mlezi. Chemchemi za maji, vyoo na bembea za watoto vyahitaji fundi, maji na mshahara wa mfagizi kila mwezi. Kwa hiyo wakubwa wa jiji wakipanga kujenga, yafaa waulizwe mapema: nani atavitunza baada ya sherehe ya ufunguzi, na kwa fedha gani?

Jibu moja jema lilipatikana katika Msitu wa Karura. Baada ya mwaka 1999, ambapo Profesa Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea usigawanywe, msitu uliokoka, lakini watu wengi waliendelea kuogopa kuuingia. Kuanzia mwaka 2009 wakazi wa jirani waliunda chama, wakashirikiana na Shirika la Huduma za Misitu la Kenya. Ua ulizungushwa, na vijana wa vijiji vya karibu, kama Huruma, waliandikwa kazi ya ulinzi. Vichaka vya kigeni vilifyekwa, na miti ya asili ikapandwa. Watu walikuja kwa maelfu kutembea na kuendesha baiskeli, na kiingilio walicholipa kikasaidia kazi. Ni kweli kwamba kiingilio hakifai kila mahali, kwa maana bustani ya katikati ya jiji yapasa kumpokea hata asiye na senti. Lakini somo lenyewe lafaa kote: mahali hutunzwa vema pale jirani anapokuwa na mkono katika kazi.

Msomaji, huenda wewe huna cheo katika jiji. Lakini waweza kupita njia iliyotengenezwa, kurudi na takataka zako nyumbani, na kumweleza mtoto kwamba mche si fimbo. Waweza pia kujiunga na majirani kuangalia ni nani anayezungusha mabati kwenye uwanja wenu wa kuchezea, na kumwomba aonyeshe hati. Ukikaa kimya siku mabati yanaposimamishwa, usishangae utakapokuta geti na bawabu.