Lita ya Zamani Isifutwe Vitabuni

Jedwali la densiti lililochapwa mwaka 1950 litamwambia mwanafunzi wa kemia kwamba maji ya nyuzi 4 za Selsiasi yana gramu 1.000000 kwa mililita. La leo litamwambia gramu 0.999972. Maji ni yaleyale. Lita ndiyo iliyobadilishwa.

Mwaka 1901, Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliamua kuwa lita ni ujazo wa kilo moja ya maji safi katika densiti yake ya juu kabisa, chini ya kanieneo ya kawaida ya hewa. Kilo yenyewe ilikuwa kipande cha platini na iridi, kilichokusudiwa kulingana na desimita moja ya ujazo ya maji. Vipimo makini vikaonyesha kwamba kilizidi kidogo, kwa hiyo lita hiyo ikawa desimita za ujazo 1.000028. Mwaka 1964 mkutano huohuo ukaifuta maana hiyo, na lita ikarudi kuwa desimita moja ya ujazo kamili.

Sehemu 28 katika milioni hazimsumbui muuza maziwa. Lakini anayechunguza densiti ya maji ya bahari hupima tofauti ndogo kuliko hizo, na akichanganya takwimu za kabla na baada ya 1964 bila kujua, ataona badiliko ambalo bahari haikulifanya.

Walimu wengi husema mwanafunzi afundishwe vipimo vya kisasa tu. Katika kukokotoa, nakubaliana nao kabisa. Kusoma vitabu na majedwali yaliyokwisha kuandikwa ni jambo jingine. Kalori moja ni jouli 4.184 kwa wanakemia, na 4.1868 katika majedwali ya mvuke ya wahandisi. Kwenye vipimo vya dozi ya mionzi kosa ni zito zaidi: rem 100 ni sawa na sievert 1, na kanuni za Marekani bado zinatumia rem. Anayesoma rem kama sievert amekosea mara mia, tena katika kipimo cha kulinda uhai.

Namba ya kubadilishia peke yake haitoshi, maana lita inaonyesha kwamba jina moja laweza kubeba maana mbili. Wachapishaji wa vitabu vya sayansi, tupeni kurasa mbili mwishoni mwa kitabu: jina la kipimo, maana yake, thamani yake ya leo, na miaka ambayo maana hiyo ilitumika.