Tegu wa Ng'ombe: Mlaji Asiye na Mdomo

Je, wajua kwamba kuna mnyama anayeweza kufikia urefu wa mita 10 ndani ya utumbo wa binadamu, akaishi humo zaidi ya miaka 20, na muda huo wote asimeze hata tonge moja? Hana mdomo. Hana tumbo wala matumbo. Huyo ni tegu wa ng'ombe, ambaye wanasayansi humwita Taenia saginata.

Tegu ni wa jamii ya minyoo bapa, tofauti kabisa na nyungunyungu anayefukuliwa kwa jembe. Kichwa chake, yaani skoleksi, hakizidi milimita 2, nacho kina vinyonyaji vinne vya kujishikiza kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Nyuma ya shingo huchipuka pingili, moja baada ya nyingine, mpaka zifike 1,000 au hata 2,000. Chakula ambacho mwenyeji wake amekwisha kukimeng'enya hupenya kupitia ngozi ya tegu, basi mdomo wa nini?

Kila pingili ni huntha, ina viungo vya kiume na vya kike. Zile za mkiani zikikomaa hujaa mayai, na moja huweza kubeba hadi 100,000. Hukatika zikatoka na kinyesi, na mara nyingine hutambaa zenyewe mpaka nje. Wagonjwa wengi hawaumwi sana. Hujitambua siku wanapoona kitu cheupe, bapa, kikijongea kwenye nguo ya ndani.

Sasa safari inahamia shambani. Kwenye vilima vya Sigowet, kaunti ya Kericho, chai na ng'ombe wa maziwa huishi pua na mdomo: huku michai, kule nepia ya kukatia mifugo. Mvua na ubaridi vinavyoistawisha chai huyafaa pia mayai ya tegu, ambayo huweza kukaa hai kwa miezi kadhaa kwenye nyasi zenye unyevu. Jua kali na ukavu ndivyo huyaua. Mtu mwenye tegu akijisaidia kichakani kwa sababu choo kiko mbali, maji ya mvua huyasomba mayai hadi malishoni, au hadi kijito wanakonyweshwa ng'ombe.

Ng'ombe akiyameza, kiinitete kiitwacho onkosfia hutoka kwenye yai, hutoboa ukuta wa utumbo na kusafiri kwa damu mpaka kwenye misuli. Baada ya wiki 10 hivi huwa kifuko cheupe chenye maji, kisichozidi sentimita moja, na ndani yake kichwa cha tegu kinasubiri. Ndiyo maana mkaguzi wa nyama kichinjioni hukata misuli ya taya, ulimi na moyo kabla ya kupiga mhuri: vifuko hupenda misuli isiyopumzika. Hata hivyo, mnyama mwenye vifuko vichache huweza kumponyoka mkaguzi hodari, na hapo kinga inayobaki ni moto. Nyama iliyoiva hadi katikati haina tegu aliye hai. Nyama choma iliyobabuka nje huku ndani ikitoka damu ndiyo mlango wake. Kugandisha nyama kwa nyuzi 10 chini ya sifuri kwa siku 10 pia humuua.

Uhusiano huu ni wa kale kuliko zizi la kwanza. Mwaka 2001, Eric Hoberg na wenzake walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba jamaa wa karibu wa tegu wa ng'ombe huishi ndani ya simba wa Afrika, na wa tegu wa nguruwe ndani ya fisi. Kwa maelezo yao, mababu wa binadamu waliambukizwa walipoanza kula nyama ya wanyamapori walewale walioliwa na simba na fisi, kabla ya mifugo kufugwa. Ng'ombe alimpata tegu kutoka kwetu.

Tegu wa nguruwe, Taenia solium, ni hatari zaidi. Watafiti wamemkuta kwa nguruwe wa Busia na Homa Bay. Mtu akimeza mayai yake, kwa mfano kwa mikono isiyonawiwa, vifuko huweza kuota kwenye ubongo na kuleta kifafa. Mayai ya tegu hawa wawili hayatofautishiki kwa hadubini, bali pingili hutofautishika: uterasi ya tegu wa ng'ombe kwa kawaida ina matawi zaidi ya 12 kila upande. Kwa hiyo aliyeona pingili aiweke kwenye chupa safi, aipeleke zahanati na anawe mikono kwa sabuni.

Tiba ipo: dozi moja ya prazikwanteli kwa kawaida hummaliza tegu. Itolewe na mhudumu wa afya, kwani aliye na vifuko ubongoni dawa hiyo huweza kumletea degedege. Mgonjwa mmoja hutoa pingili kadhaa kila siku. Akitibiwa, na wachumaji chai wakipata choo cha shimo karibu na wanakofanyia kazi, mamia ya maelfu ya mayai kwa siku hayataifikia nepia.